Msomi wa Fasihi Anakwenda Kanisani Kutafuta Nini?

Miongoni mwa maswali ambayo mwanafunzi wa fasihi anayeshika dini huulizwa na wenzake, hakuna linalorudiwa zaidi ya hili: msomi kama wewe anakwenda kanisani kutafuta nini? Huulizwa kwa utani wakati wa chakula, huulizwa kwa dhati katika semina, na aghalabu huulizwa kwa sauti ya shaka, kana kwamba aliyemsoma Ngũgĩ na Kezilahabi kisha akaendelea kuhudhuria ibada hakuelewa alichokisoma. Makala haya yananuia kulijibu swali hilo. Sikusudii kumhubiria mtu, wala kuthibitisha kuwako kwa Mungu. Kazi hizo nawaachia wenyewe wanaoziweza. Nakusudia kueleza kwa nini mimi, mzaliwa wa Voi na mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili, sikosi ibada ya Jumapili niwapo nyumbani, na kwa nini nadhani sababu zangu zaweza kumfaa hata msomaji asiyeamini ninachokiamini.

Ni haki kuanza kwa kuukubali uzito wa swali lenyewe. Waandishi tunaowasoma hawakulipuuza. Mwaka 1970 Ngũgĩ wa Thiong'o alisimama mbele ya mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki jijini Nairobi akatamka waziwazi kwamba yeye si Mkristo, kisha akalitaka kanisa lijiulize lilikuwa upande wa nani wakati wa ukoloni. Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika (1971) na baadaye katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), aliitikisa misingi ya malezi ya kidini na ya imani yenyewe. Haiwezekani kuwasoma watu hawa kwa makini kisha ukaingia kanisani kama mtu aingiaye chumbani mwake kulala. Anayeingia baada ya kuwasoma huna budi kumhesabu kuwa ameingia macho wazi.

Isitoshe, kwetu Taita historia hiyo si ya vitabuni tu. Johannes Rebmann alipita katika nchi hii mwaka 1848 akielekea Uchagani. Mwaka 1883 Joseph Wray wa misheni ya Kianglikana alianza kazi juu ya mlima wa Sagalla, ule unaotazamana na mji wa Voi, na mwaka 1892 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu wakaweka misheni yao Bura. Walileta shule na maandishi. Wray mwenyewe alichapisha kitabu cha sarufi ya lugha ya huko mwaka 1894. Lakini pamoja na hayo yakaja maneno ya kuwaita wazee wetu wapagani, na mapango yalimohifadhiwa mafuvu ya wahenga yakaitwa makao ya shetani. Mimi ni mjukuu wa pande zote mbili: wa waliobatizwa mapema, na wa wale ambao mafuvu yao yalipangwa kwenye majabali. Siwezi kusema kuwa upande mmoja haukuumizwa.

Baada ya kuyakubali hayo, nieleze sababu zangu. Ni tatu, na nazipanga kuanzia nyepesi hadi nzito.

Sababu ya kwanza ni lugha. Nyumbani kwetu tulizungumza Kisagalla. Sokoni Voi, pale wanapokutana Wataita, Wakamba, Waduruma, Waluo, Wakikuyu, Wasomali na madereva wa malori ya barabara ya Mombasa, tulizungumza Kiswahili cha haraka chenye kupunguza silabi. Kiswahili kirefu, chenye sentensi inayoanza mbali na kutua mahali pake, nilikisikia kanisani kabla sijakisoma darasani. Biblia iliyosomwa ilikuwa ile ya Muungano, iliyotoka kamili mwaka 1952 kwa lengo la kuwaunganisha wasomaji waliokuwa wakitumia tafsiri ya Kiunguja na wale wa tafsiri ya Kimvita. Kabla sijajua maana ya neno "lahaja" nilikuwa nimekwisha kulisikia tunda la mjadala wa lahaja kila Jumapili.

Kuna jambo jingine katika lugha hiyo ambalo wanaisimu wenzangu watalifurahia. Hebu tuyapange maneno ambayo Mkristo wa Voi hawezi kusali bila kuyatumia: imani, dhambi, toba, rehema, baraka, sadaka, madhabahu, nabii, malaika, Torati, Zaburi, Injili. Yote yana asili ya Kiarabu. Hata neno "kanisa" ni la huko, na "msalaba" na "kasisi" pia. Ludwig Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo mjini Mombasa mwaka 1844, alisaidiwa na kadhi wa Kiislamu. Basi lugha ya ibada yetu ilijengwa kwa mbao za jirani, na jirani mwenyewe alishika upande mmoja wa ubao. Kila ninapoyasikia maneno hayo hukumbushwa kwamba hakuna Mkristo wa pwani au wa bara yake anayeweza kumtukana Mwislamu bila kutumia maneno aliyopewa na Waislamu. Huo ni ukumbusho wenye manufaa kwa nchi yetu.

Hata hivyo, lugha peke yake haitoshi. Kama ningekuwa nafuata lugha, ningebaki chumbani na kitabu changu. Hilo nililiona mwaka 2020. Mwezi Machi mwaka huo, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, vyuo vikuu vilifungwa na ibada za pamoja zikasimamishwa nchini Kenya. Nilirudi Voi. Kila Jumapili tulisoma masomo ya siku nyumbani na kusikiliza mahubiri redioni. Yalikuwa mahubiri mazuri, mengine mazuri kuliko niliyoyazoea. Mwezi Julai makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa, masharti yalikuwa waumini wasizidi 100, ibada isipite saa moja, na wasihudhurie watoto wa chini ya miaka 13 wala watu wa zaidi ya miaka 58. Nyanya yangu, ambaye kwa miaka mingi hakukosa ibada, alibaki nyumbani. Nilipomsomea yale yale yaliyosomwa kanisani, alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza: "Na matangazo je?"

Swali hilo linanileta kwenye sababu ya pili. Asiyekwenda kanisani hudhani kwamba kitovu cha ibada ni mahubiri. Kwa watu wengi wa kwetu, matangazo yana uzito usiopungua. Hapo ndipo hutajwa nani amelazwa hospitalini na wodi gani, nani amefiwa na mazishi ni lini, mtoto wa nani amepata nafasi ya shule na karo haijatimia, na kisima kipi kimekauka. Watu wa Sagalla hutaja pia ndovu wamepita wapi usiku. Jambo hili si dogo. Takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti yetu imo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948, na sehemu nyingine kubwa imeshikwa na mashamba ya mkonge na ranchi. Wakulima wanaobaki katikati hupambana na ndovu kila msimu wa mahindi. Baadhi yao huko Sagalla wamezungushia mashamba ua wa mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya: ndovu akiugusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hurudi nyuma. Lakini ua wa namna hiyo wataka kuangaliwa. Mzinga ukihamwa na nyuki au waya ukikatika, pengo hilo ndilo mlango wa ndovu, na akishaingia hachagui ni mahindi ya nani. Katika mazingira kama hayo, kujua habari za jirani ni sehemu ya kuishi.

Mtu aweza kupinga kwamba habari hizo hupatikana pia katika chama cha kina mama, katika baraza la chifu, na siku hizi katika simu. Ni kweli. Ila chama nakichagua, na barazani naenda nikiwa na shida. Kanisani nakaa na watu ambao sikuwachagua na ambao hawakunichagua: mwalimu mstaafu, kijana wa bodaboda, mfanyakazi wa shamba la mkonge, afisa wa benki aliyehamishiwa Voi mwaka jana na ambaye hajui neno la Kidawida. Chuo kikuu kinatufunza mambo mengi, lakini kinatuzoeza kukaa na walio sawa nasi kwa umri na kwa mawazo. Nikikaa huko muda mrefu, huanza kuona kwamba watu wote wanasoma. Jumapili moja kanisani hulisahihisha wazo hilo.

Sababu ya tatu ndiyo nzito, nayo ni hasira.

Nieleze kisa chenyewe kwa ufupi. Babu alipofariki aliacha kipande cha shamba kilichokuwa kimekubaliwa kwa mdomo, mbele ya wazee, kuwa kiuzwe sehemu ili kulipia masomo ya wajukuu, kuanzia mimi. Baba yangu mdogo alikiuza chote, na fedha hatukuziona. Masomo yangu yalichelewa mwaka mzima. Mahali ambapo ardhi imebanwa kama kwetu, kipande cha shamba ni zaidi ya mali. Ni pahali pa kuzikwa, na ni jina. Baba na nduguye waliacha kula pamoja. Wala hakuna aliyelihama kanisa. Kila Jumapili wote wawili walikuja, nami nikaja. Na kwa kuwa baba mdogo ni mzee wa kanisa, yeye ndiye hupitisha kapu la sadaka upande tunaokaa.

Wanaolijua kanisa la Kianglikana wanafahamu mpangilio wa ibada ya Ushirika Mtakatifu. Kwanza watu huungama pamoja. Baadaye, kabla ya kukaribia meza, hutakiana amani kwa kushikana mikono. Mpangilio huo haumuulizi mtu kama yu tayari. Nimeshika mkono wa baba mdogo Jumapili nyingi nikiwa sitaki, nikatamka neno la amani huku moyo ukikataa. Mwenzangu mmoja wa darasani aliniambia kwamba huo ni unafiki. Nimelitafakari neno lake kwa muda, na jibu langu ni kwamba mnafiki hujifanya kuwa amekwisha kufika. Mimi sijifanyi. Nakubali kutembezwa na desturi kuelekea mahali ambapo kwa nguvu zangu mwenyewe nisingekwenda.

Nilipokuwa nikitafuta mada ya utafiti wangu ndipo nilipotambua kwamba jambo hili kwetu ni la kale kuliko misheni. Dini ya asili ya Wataita huitwa Wutasi, na tendo lake kuu ni kutasa. Grace Harris, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1978, alionyesha kwamba kiini cha dini hiyo ni kuiondoa hasira moyoni. Mwenye kutasa hutia kinywani pombe, maji ya miwa au maji matupu, akayapuliza nje kwa mrusho mwembamba, huku akitamka maneno ya kuikana hasira na kuomba heri. Magonjwa, ukame na misiba ilidhaniwa kutokana na hasira iliyofichwa: ya walio hai, ya wahenga, au ya Mungu mwenyewe. Kwa hivyo mtu aliyekuwa na kinyongo na nduguye hakuweza kukinyamazia tu. Ilimbidi akitoe kwa kinywa, mbele ya watu, na kwa maneno.

Tafadhali tuyazingatie mambo hayo matatu: kinywa, watu na maneno. Wazee wetu hawakuamini kwamba hasira huisha kwa kukaa kimya chumbani hadi ipoe. Waliamini kwamba hasira iliyonyamaziwa hukua. Nami nikiitazama ibada ya Jumapili kwa jicho hilo, naona kwamba wale mababu waliobatizwa hawakukutana na jambo geni kabisa walipoambiwa wapatane na ndugu zao kabla ya kutoa sadaka. Walilijua. Misheni iliyakataa mapango na mafuvu, na kwa hilo ina deni. Lakini sharti la kutoikaribia madhabahu na hasira lilivuka mto likiwa hai. Nikishika mkono wa baba mdogo, sijui kama namtii Mtume au nawatii wazee wa Sagalla. Nadhani nawatii wote.

Je, desturi hiyo imeleta nini? Shamba halikurudi. Fedha hazikurudi. Neno la kuomba radhi halijatamkwa, nami bado nalingoja. Lakini baba alipougua miaka miwili iliyopita, akalazwa kwa siku kumi na moja, aliyelala kwenye kiti kando ya kitanda chake usiku wa kwanza alikuwa nduguye. Hakuna aliyemwita. Alisikia katika matangazo. Nilipofika asubuhi kutoka chuoni nilimkuta akimnywesha baba uji kwa kijiko. Tulisalimiana kwa kushikana mikono, na kwa kuwa mikono yetu ilikuwa imezoea, haikuona ugumu. Sidai kwamba hilo ni suluhu. Nadai tu kwamba pasingekuwa na zile Jumapili zote, yeye asingethubutu kuingia wodini, nami pengine ningemtoa nje.

Najua pingamizi zitakazofuata, nazo ni za haki. Ya kwanza ni kwamba dini imeua. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, isiyo mbali na kwetu, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaodaiwa kushawishiwa kufunga hadi kufa. Hakuna muumini mwenye utu anayeweza kulitaja jambo hilo kwa haraka. Hata hivyo tukilichunguza tunaona tofauti inayonisaidia kupima ninakokwenda. Watu wale walitengwa na jamaa zao, na shule, na hospitali, na majirani, wakapelekwa msituni. Sababu zote tatu nilizozitaja zinanirudisha kwa majirani. Basi kipimo changu ni hicho: mahali patakaponiambia nimwache nyanya, nisisome, au nisimsalimu Mwislamu wa duka la jirani, hapo sitaingia hata pakiitwa kanisa.

Pingamizi la pili ni siasa na fedha. Wanasiasa wamezigeuza mimbari kuwa majukwaa, na mabunda ya noti yamepigwa picha mbele ya madhabahu. Hilo nalo ni kweli, na waumini wenyewe wamelichoka. Mwaka 2021 Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, aliwakataza wanasiasa kuhutubu katika ibada za kanisa lake. Na mwezi Novemba 2024, baada ya vijana kuandamana nchini kote katikati ya mwaka huo, Askofu Mkuu Mkatoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza mchango wa fedha uliotolewa na Rais katika parokia ya Soweto urudishwe. Marekebisho hayo hayajakamilika. Lakini marekebisho hufanywa na waliomo ndani, kama ambavyo chama chetu hiki cha wanafunzi hurekebishwa na wanaohudhuria mikutano yake, wala si na wanaokisengenya mabwenini.

Pingamizi la tatu ni lile la mwanzo, la ukoloni. Jibu langu ni fupi. Kiswahili sanifu tunachokitetea katika jarida hili nacho kilisanifiwa chini ya mkono wa wakoloni, kupitia kamati iliyoundwa mwaka 1930. Hatukukitupa. Tulikichukua, tukakiandikia, tukakifanya chetu, na leo hakuna anayetuita watumwa wa Uingereza kwa kukisema. Fauka ya hayo, mmoja wa waandishi wa mwanzo wa nathari ya Kiswahili nchini Kenya, James Mbotela, aliyeandika Uhuru wa Watumwa (1934), alitokana na jamii ya Freretown, kijiji cha misheni cha watu waliokombolewa utumwani. Kilichotoka mikononi mwa mgeni chaweza kuwa mali ya mwenyeji, maadamu mwenyeji ameketi nacho, amekihoji na amekilipia.

Kutokana na haya nina ombi kwa wasomaji wa jarida hili, hasa wale wanaotafuta mada za tasnifu. Tumewachambua sana wahusika wa kidini katika riwaya zetu, na aghalabu tumewakuta ni wa aina mbili: padri mnafiki na muumini mjinga. Wapo, sikatai. Lakini tukitoka maktabani Jumapili asubuhi tutamkuta mtu wa aina ya tatu, ambaye haandikwi sana: mtu mwenye sababu. Sala za papo kwa papo za kina mama wa Voi, matangazo, hotuba za mazishi zinazoanza kwa Kidawida na kumalizika kwa Kiswahili, maneno ya wazee ya kupatanisha ndugu. Yote hayo ni fasihi simulizi iliyo hai, na wanaoijua vizuri wanazeeka. Mwenye kinasa sauti na aende.

Mintarafu ya swali nililoulizwa, jibu langu ni hili. Nakwenda kanisani kwa sababu ninaamini, na imani yangu ina siku nzuri na siku mbaya. Siku ambazo ni mbaya nakwenda kwa sababu nina hasira, na sijui mahali pengine ambapo nitalazimika kuitoa kinywani mbele ya yule niliyemkasirikia. Ng'ambo ya barabara kuna anayeitoa yake msikitini, na juu ya mlima pengine yuko mzee anayeitema kwa maji ya miwa. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na dhana kwamba msomi hana hasira ya kutema, au kwamba akiisha kusoma ataweza kuitema peke yake.